Kisu cha Pili

Kila nyumba ina kisu, na karibu kila mtu aliyewahi kuvua samaki, kuchunga mifugo au kufanya kazi ya mikono amewahi kuwa na kisu chake mwenyewe. Ana kamba ya kukata, chungwa la kumenya, kijiti cha kuchonga. Ananunua kisu, shida inakwisha. Hapo ukusanyaji haujaanza. Unaanza siku ambayo mtu huyohuyo, akiwa na kisu kizima mfukoni kinachokata vizuri, ananunua kingine. Cha kwanza kilinunuliwa kwa haja. Cha pili kimenunuliwa kwa nini?

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba watu hupenda silaha. Silikubali. Watu ninaowafahamu katika shughuli hii ni wahasibu, walimu, mafundi umeme, na visu wanavyovihangaikia zaidi ni vidogo, vya kukunja, vilivyotengenezwa kwa ajili ya kumenya matunda na kuchonga penseli. Wakikutana hawazungumzi habari za kupigana. Wanazungumza kuhusu chuma, mihuri, misumari inayoshika mpini, na pembe ya kunolea. Kilichowanasa ni macho. Mtu akishajifunza kuona tofauti kati ya kisu na kisu, kila kisu kinakuwa na swali, na mara nyingi swali hilo halijibiwi ila kwa kushika kisu kingine mkononi. Mimi nilinogewa kwa njia hiyo, na bado sijatoka.

Kisu kinachowaingiza wengi mlangoni ni cha bei ndogo. Mwaka 1890, katika milima ya Savoie nchini Ufaransa, kijana wa miaka 18 aitwaye Joseph Opinel, mwana wa mfua zana wa kijiji cha Albiez-le-Vieux, alitengeneza kisu cha kukunja kwa ajili ya wakulima na wafugaji wa kwao. Kilikuwa na ubapa, mpini wa mti wenye ufa wa kuulaza ubapa huo, msumari wa kuviunganisha, na pete ya chuma ya kuzuia mpini usipasuke. Kufikia mwaka 1897 kilikuwa kinatoka kwa ukubwa wa aina 12, namba 1 hadi namba 12. Mwaka 1909 kilipata alama yake ya mkono wenye taji, na mwaka 1955 ikaongezwa pete ya pili inayozungushwa ili kufunga ubapa usimkunjikie mtu vidoleni. Baada ya hapo kisu hicho hakikubadilika kwa jambo kubwa. Namba 8, ambayo ubapa wake una sentimita 8.5, ndiyo inayoonekana mifukoni mwa watu duniani kote.

Namba 8 inauzwa kwa chuma cha aina mbili. Ipo ya chuma cha kaboni, ambacho wazee wetu wangekiita feleji, na ipo ya chuma cha pua kisichoshika kutu. Ukiviweka mezani sambamba, asiyejua ataona kisu kimoja mara mbili. Kata limau kwa vyote viwili uviache dakika chache. Cha pua kitabaki cheupe. Cha kaboni kitaanza kuingia rangi, kijivu kwanza, halafu buluu yenye mawingu, na ukikinusa kina harufu ya chuma na ndimu. Ukikilaza usiku na maji yake katika nyumba ya Tanga au Mombasa, asubuhi kina madoa mekundu. Lakini chukua kinoo ukinoe, na kisu hicho cha kutunzwa kama mtoto mchanga kitapata makali kwa mipito michache tu, makali laini yanayopita kwenye karatasi ya gazeti bila kuguna, huku mwenzake asiyeshika kutu akikudai subira zaidi. Mtu akishaliona hilo kwa vidole vyake, atataka kujua sababu. Na sababu ina historia.

Mwezi Agosti mwaka 1913, katika mji wa Sheffield nchini Uingereza, mtaalamu wa metali Harry Brearley alikuwa anatafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika haraka kwa joto. Mchanganyiko mmoja aliouyeyusha ulikuwa na kromiamu karibu asilimia 13 na kaboni kidogo sana, na tindikali alizozoea kuzitumia kuchunguza chuma zilishindwa kuung'ata. Wa bunduki hawakuvutiwa. Brearley, aliyezaliwa na kukulia katika mji wa watengeneza visu, akafikiria meza ya chakula. Mafundi wa kwanza waliopewa chuma hicho walirudisha majibu mabaya: hakifuliki, hakinoleki, hakikati. Ni Ernest Stuart, meneja wa kiwanda cha R. F. Mosley, aliyevumilia mwaka 1914 mpaka akaupata moto unaokifaa. Hata hivyo maneno ya mafundi wale yalidumu muda mrefu, kwamba kisu kisichoshika kutu hakiwezi kukata.

Neno lao lilikuwa na ukweli ndani yake. Kromiamu ikizidi kama asilimia 11 hufanya utando mwembamba sana juu ya chuma, na utando huo ndio unaoizuia kutu. Lakini kromiamu hiyohiyo huipenda kaboni. Huikamata wakati chuma kinapoa na kufanya nayo chembe ngumu, na chembe zikiwa kubwa, ukingo wa makali hung'oka vipande vidogo visivyoonekana kwa jicho. Ukipunguza kaboni ili chembe zisiwe nyingi, chuma hakiwi kigumu vya kutosha. Ukiongeza, kunoa kunakuwa adhabu. Karne nzima ya visu vya mfukoni imepita ndani ya mvutano huo. Kisu chekundu cha Uswisi, ambacho Karl Elsener alikisajili tarehe 12 Juni 1897 na ambacho kampuni yake ya Victorinox ilikuja kukitengeneza kwa chuma cha pua, kimechagua upande wa upole: ugumu wake ni takribani 56 kwa kipimo cha Rockwell, kwa hiyo hupoteza makali mapema lakini mtu yeyote anaweza kukinoa. Visu vingi vya jikoni vya Japani vimechagua upande wa pili, 60 na zaidi, na ncha zake humeguka vikiangushwa.

Baadaye wakaja watu wa chuma cha unga. Chuma kilichoyeyuka hupulizwa kwa gesi kikaganda kuwa punje ndogo sana, kisha punje hizo hushindiliwa kwa joto na mgandamizo mpaka zinakuwa kipande kimoja. Kwa kuwa kila punje imepoa kwa ghafla, chembe ngumu ndani yake hazikupata nafasi ya kukua. Mwaka 2021 ikatoka aina iitwayo MagnaCut, iliyobuniwa na Larrin Thomas, mtaalamu wa metali ambaye baba yake, Devin Thomas, ni mhunzi mashuhuri wa Marekani. Kwa kupanga vizuri viambato, Thomas alipata chuma cha pua ambacho karibu hakina chembe za kromiamu zile kubwa. Wakusanyaji walikigombania. Nilipokishika mara ya kwanza nilichokitaka ni kukipeleka kwenye kinoo, nione kama ule mvutano wa Sheffield umekwisha. Haujaisha, lakini umepungua sana, na furaha niliyoipata kwa kuuhisi upungufu huo chini ya mkono wangu sijui kumweleza mtu ambaye hajawahi kunoa.

Kuna njia nyingine ya kunaswa, na kwa wengi ndiyo yenye nguvu zaidi: kusoma mihuri. Katika mji mdogo wa Bradford, jimbo la Pennsylvania, kipo kiwanda cha W. R. Case & Sons, na visu vyake vya kukunja huenda ndivyo vinavyokusanywa kwa bidii kuliko vyote nchini Marekani. Visu vyake vya zamani hujieleza vyenyewe kwa asiyekuwa na haraka. Tazama namba kwenye kisigino cha ubapa, kwa mfano 6254. Tarakimu ya 6 ni mpini wa mfupa uliochongwa mikwaruzo. Ya 2 ni idadi ya bapa. 54 ni umbo la kisu, ambalo mashabiki wanaliita kwa jina la wategaji wanyama. Chini ya jina la kampuni pana nukta. Mwaka 1970 kiwanda kilianza kugonga nukta kumi, na kila mwaka kikaondoa moja, hadi mwaka 1979 ikabaki moja. Nukta sita, basi, ni mwaka 1974.

Fikiria kijana aliyerithi kisu cha babu yake bila kujua lolote, akaambiwa habari ya nukta. Anakigeuza kwenye mwanga, anahesabu, na ghafla kisu kina mwaka wa kuzaliwa. Kesho yake anataka kingine chenye nukta saba. Mwezi haujaisha anataka vyote kumi. Watengenezaji wanajua sana nguvu ya jambo hili. Ndiyo maana leo hutolewa visu vya toleo maalumu, vyenye namba, ndani ya sanduku, kwa ajili ya watu ambao hawatakata navyo hata uzi. Naliona hili kuwa tawi dhaifu la mapenzi haya. Kujaza pengo kwenye safu kunamridhisha mtu kwa siku chache, kisha safu nyingine inaanza. Kisu ambacho hakijawahi kukata kitu hakiwezi kukufundisha chochote zaidi ya bei yake.

Kinachofaa kujifunza kutokana na mihuri ni namna ya kutazama. Ukipewa kisu cha kukunja kilichotumika, usikimbilie kukifungua. Kiangalie kwanza kikiwa kimefungwa, upande wa mgongo. Springi ya mgongo na mabamba ya shaba yaliyoibana yanapaswa kuwa sawa. Pitisha ukucha, usikwame. Kielekeze dirishani. Mwanga ukipenya kati ya springi na bamba, kimelegea. Sasa fungua polepole. Katika visu vingi vizuri vya zamani ubapa husita katikati ya safari, halafu unamaliza kwa mlio mmoja mkavu, na wapenzi wa visu wanaupenda mlio huo hata wanaweza kukataa kisu kizuri kwa sababu hakina. Shika mpini, jaribu kuutikisa ubapa kulia na kushoto. Kisha tazama makali yanapoanzia. Kisu kilichonolewa miaka arobaini kina ubapa uliokonda, na mstari wa makali umepanda juu ya pale kisigino kinapoishia. Hilo si kosa, ni maisha ya kisu, ila lazima lionekane kwenye bei. Mwisho chukua kioo cha kukuzia usome muhuri. Kama ubapa unang'aa kuliko umri wake na kingo za herufi zimekuwa laini, kuna mtu amekipitisha kwenye mashine ya kung'arishia ili kukiuza. Mkusanyaji mzoefu atachagua kisu chenye madoa na muhuri mkali kuliko hicho kinachometameta. Rangi ya uzee hujengwa kwa miaka, na kuisugua ni kazi ya dakika tatu isiyorudishika.

Kwa wanaoishi pwani naongeza jambo moja la utunzaji. Usihifadhi kisu ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hunyonya unyevu na ina dawa za kutengenezea ngozi ndani yake. Vyote viwili hula chuma na kuigeuza shaba kuwa kijani. Futa kisu, pitisha kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani, kilaze mahali pakavu, na ala ikae kando.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kila anayekusanya visu katika sehemu yetu ya dunia anapaswa kulitazama bila kukwepa, nalo ni mpini.

Mkusanyaji akishatoka kwenye chuma huingia kwenye mipini, na hapo mapenzi yake yanaweza kumwaga damu asiyoiona. Sheffield ya karne ya 19 ilitumia pembe za ndovu kwa wingi; kampuni ya Joseph Rodgers & Sons ilikuwa na ghala zima la pembe hizo. Sehemu kubwa ya pembe za Afrika Mashariki zilipitia Unguja kabla ya kuuzwa London na kwingineko, zikiwa zimebebwa kutoka bara kwenye mabega ya watu, baadhi yao wakiwa watumwa. Kisu cha matunda chenye mpini mweupe, kilichofungwa kwenye kikasha cha mahameli, kilianzia kwenye njia hiyo. Tangu Juni 2022 sheria ya Uingereza imepiga marufuku biashara ya pembe za ndovu, hata za kale, isipokuwa kwa vighairi vichache, na wakusanyaji wengi walinung'unika. Mimi niliifurahia.

Pembe ya kifaru ina habari chungu zaidi, maana ilitokea mbele ya macho ya watu ambao bado wako hai. Huko Yemen, jambia ndiyo heshima ya mwanamume, na mpini uliothaminiwa kuliko yote ni wa pembe ya kifaru, ambayo kwa kushikwashikwa miaka mingi hupata mng'ao wa ndani, ikiwekwa kwenye jua inapitisha mwanga wa rangi ya asali. Miaka ya 1970, vijana wengi wa Yemen ya Kaskazini walikwenda kufanya kazi Saudi Arabia wakati bei ya mafuta imepanda, wakarudi na fedha. Jambia ambayo zamani ilikuwa ya wenye vyeo sasa iliweza kununuliwa na mtu wa kawaida. Pembe zilitoka kwetu. Kenya, iliyokuwa na vifaru weusi takribani 20,000 mwaka 1970, ilifika nusu ya pili ya miaka ya 1980 ikiwa nao chini ya 400. Katika bara zima walishuka kutoka kama 65,000 hadi takribani 2,400 ilipofika mwaka 1995. Yemen haikuwa soko pekee, kwa kuwa dawa za asili za mashariki mwa Asia nazo zilidai pembe hizo, lakini mchango wa mipini ulikuwa mkubwa. Yemen ya Kaskazini ilipiga marufuku uingizaji mwaka 1982, na magendo yakaendelea kwa miaka mingi. Aliyefuatilia biashara hiyo kwa subira kuliko wote ni Esmond Bradley Martin, mtafiti aliyeishi Kenya, ambaye aliingia sokoni Sana'a mara kwa mara akihesabu bei na kuzungumza na mafundi wa mipini. Aliuawa nyumbani kwake Nairobi mwezi Februari 2018.

Naheshimu jambia. Ile ya Oman, yenye ala iliyopinda na nyuzi za fedha, imo kwenye bendera ya nchi hiyo tangu mwaka 1970, na mwaka 2022 UNESCO iliingiza ufundi wake katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Zipo familia za Unguja, Mombasa na Lamu zenye jambia ya babu ndani ya sanduku, na wala sisemi itupwe. Isafishwe, itunzwe, ijulikane ilikotoka, isiuzwe kwa mtu anayetafuta pembe. Lakini anayetaka kununua mpini leo ana njia safi zisizo na idadi. Kuna mfupa wa ng'ombe na wa ngamia. Kuna mpingo, mti wetu, ambao watengeneza visu wa Marekani na Ulaya wanautamani kwa weusi wake na kwa kuwa ni mzito, haunyonyi maji na hauhitaji rangi. Mpingo nao una ulinzi wake katika CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu mwaka 2017, kwa hiyo mnunuzi mwenye staha huuliza karatasi. Ninapomwona mtu wa mbali akisifu mpini wa mpingo kwenye kisu cha maelfu ya dola, na kumbe mti wenyewe umekua Kilwa au Lindi, najiuliza kwa nini visu vya namna hiyo havitoki kwetu.

Ufundi upo. Ndiyo maana katika miaka ya karibuni macho yangu yameacha madirisha ya maduka na kuelekea kwenye kibanda cha mhunzi.

Katika Marekani ya katikati ya karne iliyopita, kufua kisu kwa nyundo kulikuwa karibu kusahaulika; watengenezaji wengi walikata bamba la chuma na kulisaga. Bill Moran, mhunzi wa Maryland, aliendelea na moto. Mwaka 1973 alionyesha visu vilivyofuliwa kwa matabaka ya vyuma viwili, ambavyo baada ya kulowekwa kwenye tindikali vilitoa michirizi ya maji yanayotiririka, ule urembo unaoitwa Dameski. Chuma halisi cha Dameski cha kale kilikuwa kitu kingine: kiliyeyushwa India na Sri Lanka ndani ya vyungu, kina kaboni karibu asilimia moja na nusu, na michirizi yake haikutokana na matabaka. Ufundi huo ulipotea wakati wa karne ya 19. Miaka ya 1990 mtaalamu wa metali John Verhoeven na mhunzi Alfred Pendray waliufufua, wakaonyesha kwamba siri mojawapo ilikuwa chembechembe za vanadiamu zilizomo kwenye madini yenyewe, kiasi kidogo mno ambacho wahunzi wa zamani hawakuweza kujua kuwa kipo.

Moran na wenzake wakaanzisha mwaka 1976 chama cha wahunzi wa visu, American Bladesmith Society, na mtihani wake ndio kipimo cha haki kuliko vyote ninavyovifahamu katika shughuli hii. Mtahiniwa huleta kisu alichokifua mwenyewe. Kwanza anakata kwa pigo moja kamba nene ya inchi moja inayoning'inia bila kushikwa. Kisha anakata kwa kishindo, mara mbili, ubao wa ujenzi wa inchi mbili kwa nne. Halafu, kwa makali yaleyale yaliyokwisha kukata mbao, ananyoa nywele za mkono. Mwishowe kisu kinabanwa kwenye jiliwa na kupindwa nyuzi 90 bila kuvunjika. Kisu kinaharibika kwa kufaulu. Kamba inadai makali, ubao unadai nguvu, unyoaji unadai kudumu, kupindwa kunadai ulaini wa ndani, na mhunzi hawezi kuvipata vyote vinne kwa bahati.

Wengi wanaoanza kufua visu huchagua chuma chenye namba 5160, chenye kaboni karibu asilimia 0.6. Hicho ni chuma cha springi za magari. Na springi za gari ndizo ambazo wahunzi wetu hutengenezea sime za Wamasai, mapanga na visu vya machinjioni, wakizinunua kwa wauza vyuma chakavu. Mhunzi wa Arusha na mhunzi wa Arkansas wanashika chuma kilekile.

Tofauti iko kwenye moto baada ya kufua. Nimekaa kwa mhunzi mmoja nikimtazama. Mkaa, mvukuto wa gurudumu la baiskeli, kipande cha reli kwa ajili ya fuawe. Mkono wake hauna shaka. Kwa nyundo chache springi iliyopinda inanyooka, ncha inachongoka, msuka unakonda tayari kuingia kwenye mpini. Nilimwomba tujaribu kitu. Chuma cha namna hii, kikifika karibu nyuzi joto 770, huacha kuvutwa na sumaku, na hapo mbele kidogo ndipo pa kukizamisha. Nilikuwa na sumaku ya spika mbovu iliyofungwa kwenye waya. Alipoona rangi aliyoizoea akaugusisha ubapa: sumaku ikanata. Akaurudisha motoni, akatoa, ikanata tena. Mara ya tatu haikunata, naye akaitazama rangi ile kwa muda, nyekundu kuliko alivyodhani, kisha akaurudisha kidogo tu na kuuzamisha kwenye mafuta ya mawese yaliyopashwa moto badala ya maji. Ubapa ukapoa bila kupinda. Akachukua tupa akaupitisha kwenye makali, na tupa iliteleza kwa mlio wa kioo, haikushika. Akasema, "Sasa hiki kitavunjika." Alikuwa sahihi. Chuma kikitoka hapo ni kigumu kupita kiasi. Tukakisugua kwa msasa mpaka kikawa cheupe, tukakilaza juu ya bamba nene lililopashwa moto, mgongo chini, tukingoja rangi. Ilianza njano hafifu mgongoni, ikapanda taratibu, na mgongo ulipofika hudhurungi makali yakiwa rangi ya majani makavu, akakiondoa.

Kisu hicho hakina muhuri, hakina nukta, na mpini wake ni mpingo wa mabaki kutoka kwa mchonga vinyago. Kinakaa jikoni kwangu na nakitumia kukata kila siku, samaki, muwa, mifupa ya kuku. Yule mhunzi ameomba sumaku abaki nayo. Sasa anatengeneza vya kuuza kwa njia hiyo, na anabishana nami kuhusu mafuta: yeye ameanza kuona kwamba mawese yakichoka ubapa hautoki mgumu sawasawa, mimi naona tatizo ni joto la mafuta yenyewe. Tumekubaliana afue viwili kutoka springi moja, kimoja kwenye mafuta mapya ya baridi, kingine kwenye mafuta ya zamani ya moto, tuvipitishie tupa, halafu tuvibane kwenye jiliwa na kuvipinda.